Kuruta Aliyetembea kwa Mwendo Wangu

Vijana wangu wa karakana, nianze na lile mnalodhani silijui. Mnaniigiza. Nikipita kati ya marundo ya ndoo mbovu na chupa kuelekea kwenye mashine ya kuyeyushia plastiki ya kutengenezea mbao, mmoja wenu huwa nyuma yangu, kidevu juu, kifua mbele, anatembea kama mzee aliyemeza mpini wa jembe. Wengine mnaziba midomo. Baraka ndiye fundi wenu wa kazi hiyo. Namwona kwenye kioo cha dirisha la stoo, na hajawahi kujiuliza kwa nini kioo kile nakifuta kila asubuhi. Sijamgombeza hata siku moja, na atakayenisoma hadi mwisho ataelewa sababu.

Nimestaafu mwezi uliopita, ingawa bado nakuja kila siku, na Neema ndiye msimamizi wenu sasa. Ni yeye aliyenishika mkono siku ile ya kuagana akasema, "Babu, hayo ya jeshini yaandike basi. Ukiongea mchana hawakusikii, wote wapo kwenye simu." Ni kweli. Na kwenye simu kuna nini? Kuna michezo ya kuigiza ya kambi za jeshi. Mkufunzi ana misuli kama magunia ya viazi, anafoka kuanzia mwanzo hadi mwisho, kuruta analia kwenye matope, mvua inanyesha, muziki wa huzuni unapigwa. Kisha mnanigeukia na wali mdomoni: "Babu, eti ndivyo ilivyokuwa?" Nami huwa nawajibu, "Maliza chakula chako." Leo nawajibu vizuri.

Matope yalikuwepo. Mvua ilikuwepo, tena ya kutosha, maana kambi yetu ilikuwa juu kwenye baridi, ukitoka Iringa kuifuata Mbeya, mahali ambapo asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe na maji ya kunawa yanakuuma vidole. Jina la kambi nitaliacha. Waliopita pale hawahitaji kuambiwa. Kufoka nako kulikuwepo. Lakini mkufunzi anayefoka kutwa nzima, kabla ya mchana ameshapoteza sauti, na akishapoteza sauti amepoteza na kuruta. Mkufunzi wa kwenye simu yenu hajawahi kuamka siku ya pili.

Niliingia kambini mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea nyumbani Kihesa. Baba yangu alikuwa seremala, na mimi nilishika randa kabla sijashika kalamu. Siku ya kwanza tulishushwa kwenye lori tukiwa tumeganda. Tulikuwa tumesimuliwa mambo ya kutisha, kwa hiyo tukajipanga tukisubiri kutukanwa. Akatoka mtu mfupi, mwembamba, koti limemzidi, akatutazama miguuni tu. Huyo ndiye Sajini Mdemu, Mhehe wa upande wa Kalenga, aliyenifundisha karibu kila kitu ninachokijua, mbao zenu za plastiki zikiwemo, ingawa yeye plastiki aliijua kwenye ndoo tu.

"Kaeni chini," akasema, kwa sauti ya mtu anayekaribisha wageni. "Vueni hivyo viatu."

Tukavua. Wengi wetu buti lile lilikuwa kiatu chetu cha kwanza cha kufunika mguu mzima. Basi siku yetu ya kwanza ya jeshi, ile mnayoiona kwenye simu kwa mabomu na ngoma, sisi tuliimaliza tukiwa tumekaa kwenye nyasi, tunafundishwa kufunga kamba. Kamba ikaze kifundoni, ilegee vidoleni. Soksi isiwe na mkunjo hata mmoja. Usiku buti lijazwe gazeti kavu, lisiwekwe karibu na moto, maana ngozi iliyokaushwa haraka inapasuka. "Mguu ukiuma," alituambia, "akili yote inahamia kwenye kidole. Na mtu mwenye akili kwenye kidole sina kazi naye." Hakuna aliyecheka. Wiki ile ile tuliwaona wa platuni nyingine wakichechemea, ndipo tukamwelewa.

Jinsi nilivyopata cheo na kubaki pale kama mkufunzi wa kwata si habari, naipita. Kilichonibakiza, nadhani, ni mwendo wangu. Nilikuwa natembea wima mno, na kuruta wakanipa jina la Timazi, ile kamba ya fundi mwashi yenye chuma chini. Mbele yangu nilikuwa Afande Koplo. Nikigeuka tu, Timazi. Kwa kuwa nilikuwa mtoto wa seremala, Sajini Mdemu akaniongezea kazi ya alasiri: bunduki za mbao.

Hapo najua mtacheka. Chekeni, halafu msikilize. Kuruta hapewi bunduki ya kweli siku ya kwanza. Anapewa ya mbao, anaibeba, anaisafisha, analala nayo, akiiangusha anaadhibiwa sawasawa na aliyeangusha ya chuma. Tuliichonga kwa mkaratusi, kwa sababu msindano ni mwepesi, na kuruta aliyezoea wepesi anaaibika siku akikabidhiwa ya kweli. Ubao wa mkaratusi ukishapasuliwa unaupaka oili chafu kwenye vichwa vyote viwili usichanike, unaupanga kivulini, kati ya ubao na ubao unaweka vijiti ili upepo upite. Halafu unasubiri. Unasubiri hadi mvua ziishe, unasubiri hadi upepo wa kiangazi upite. Ukiugonga kwa kidole nao ukalia vizuri, ndipo unachukua randa.

Mwaka mmoja ikatoka amri kwamba kuruta wanakuja wengi kuliko kawaida na bunduki zinatakiwa upesi. Mbao zilikuwa mbichi, zinatoa maji ukizibonyeza. Mtu mmoja mwenye nyota begani, jina lake nalihifadhi, akasema jiko la kambi lina moto kutwa nzima, kwa nini mbao zisikaushwe pale? Wote tukaona ni akili kubwa. Kila siku wapishi wakalalamika kwamba maharage yana harufu ya mkaratusi, na kila siku tukawajibu wavumilie kwa ajili ya taifa. Mbao zikakauka upesi kweli, tukachonga, zikanyooka kama mstari. Kuruta wakazipokea. Zikaanza mvua.

Mgeni mkubwa alipokuja kukagua, amri ikatolewa: "Begani… silaha!" Wakaweka begani. Mungu wangu. Mitutu ya mbele ilitazama Mbeya, ya katikati ilitazama Iringa, na mingine ilikuwa imejikunja ikimtazama mgeni mwenyewe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini kwa habari ya mbao hawakutuambia kitu. Ubao ukiwa mbichi unajikunja wenyewe. Mgeni aliuma midomo hadi akafika kwenye gari lake, na gari lilipoondoka tulimsikia akicheka hadi getini. Sajini Mdemu alipita safu kwa safu. Alikusanya bunduki zile, akazipeleka jikoni, akawaambia wapishi, "Haya, sasa ndiyo zimekuja kupika."

Ndiyo maana, Neema, miaka yote hii nimekuwa mkali kwenye beseni la kupoozea. Plastiki ikitoka kwenye kalibu, lile sanduku la chuma linaloupa ubao umbo, ina joto, na Baraka anataka aimwagie maji ya baridi ili akatoe nyingine. Usimruhusu. Ubao wa plastiki hauozi, mchwa hawautaki, ni mzuri kwa mabanda ya nguruwe na mabenchi ya shule, mimi nausifu popote. Lakini ukiupooza kwa pupa, ndani unabaki moto, na kesho yake una mgongo wa paka. Uacheni ndani ya kalibu, umwagilieni kidogo kidogo. Na mkifunga misumari mtoboe kwanza, na muache nafasi kati ya ubao na ubao, kwa sababu jua la hapa Ipogolo likiwaka unatanuka. Basi, hayo ni ya kazi. Turudi kambini.

Kulikuwa na desturi moja pale ambayo sijaiona kwenye simu zenu. Jumamosi ya mwisho kabla ya gwaride la kumaliza mafunzo, mchana, kuruta walitengeneza jukwaa la masanduku wakaigiza wakufunzi wao. Ilikuwa desturi ya Sajini Mdemu. Wakufunzi tulikaa benchi la mbele. Sheria zilikuwa chache: mkufunzi hakunji uso, hatoki kabla ya mwisho, na Jumatatu halipi kisasi. Kuna afande mmoja aliwahi kulipa kisasi, akafagia uwanja wa gwaride yeye mwenyewe huku kuruta wakimtazama. Huo ndio mchezo wa kuigiza wa jeshi ninaoukubali, ule anaouandika kuruta.

Sasa nifike kwa Gwakisa.

Alikuja katika kundi moja la mwishoni mwa miaka ya sabini. Mnyakyusa wa Rungwe, mrefu, mpole, ana nguvu za kubeba wenzake wawili. Kwenye kupanda ukuta wa kamba alikuwa wa kwanza. Kulenga shabaha, wa kwanza. Kwenye kuchekesha watu bwenini, wa kwanza kwa mbali. Lakini mwambie "Mbele… tembea!" na mkono wa kulia unatoka pamoja na mguu wa kulia, wa kushoto na wa kushoto, kama ngamia. Wakufunzi wote wanaomjua kuruta wa namna hiyo wanajua shida yake: kadiri unavyomwambia abadilishe, ndivyo anavyozidi. Nilimfungia kitambaa mkononi. Nilimtembeza peke yake. Nilimshika mikono kwa nyuma kama mtoto anayefundishwa kutembea. Akiwa njiani kwenda kula anatembea kama binadamu wote. Akisikia amri, ngamia.

Kapteni wetu akaniita. Akasema mwaka huu gwaride litatazamwa na wakubwa, hataki kioja kingine kama kile cha bunduki. Kuruta ambaye hatakuwa sawa kufikia siku hiyo arudishwe kwao. Alimaanisha Gwakisa, na hakuhitaji kumtaja.

Nilimwambia Gwakisa mwenyewe, kwa sababu sipendi mtu asikie habari yake kwa wengine. Tulikuwa nyuma ya karakana, anapiga msasa bunduki yake. Akaacha kupiga msasa.

"Afande, nikirudi kabla ya gwaride baba atasema nimetoroka."

"Utamweleza."

"Baba haelezwi, afande. Alikuwa askari enzi za mkoloni, alifika hadi Burma. Ana koti lake mpaka leo. Aliniambia nisirudi bila nguo ya jeshi, akafunga mlango nikiwa bado uani." Akaitazama bunduki yake. "Heri nibaki hapa hapa nichote maji ya wapishi."

Nilimwambia apige msasa kwa kufuata uzi wa mbao, asikate. Hilo ndilo lililotoka mdomoni mwangu, vijana, mkufunzi mzima. Usiku ule usingizi ulinikataa, kwa sababu nilimpenda yule kijana na niliona wazi kwamba kazi iliyomshinda ni yangu, si yake.

Jumamosi ya maigizo ikafika. Tukakaa benchi la mbele. Walimwigiza mpishi, wakamwigiza daktari wa kambi na dawa yake moja ya magonjwa yote. Kisha akasimama kijana mmoja akatangaza, "Na sasa, mabibi na mabwana, Afande Timazi!" Uwanja ukalipuka. Akatoka Gwakisa.

Alikuwa ameweka kijiti kwapani kama fimbo yangu ya ukufunzi. Kidevu chake kilikuwa juu kuliko changu, na uso aliukunja kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyochacha. Akapita mbele yetu kutoka upande huu hadi upande ule, akageuka kwa kisigino, akarudi. "Kuruta!" akasema kwa sauti yangu, "Hata mwiko wa ugali unasimama wima kuliko wewe!" Hayo maneno ni yangu kweli. Watu wakalala chini kwa kicheko. Mimi nilikuwa natabasamu kwa sheria, meno nimeyauma, najiambia ni Jumamosi, ni Jumamosi.

Sajini Mdemu akanishika goti. "Umeona?"

"Naona ananisimanga, afande."

"Acha uso. Tazama mikono."

Nikatazama mikono. Mguu wa kushoto ulitoka, na mkono wa kulia ukatoka. Mguu wa kulia, mkono wa kushoto. Akageuka, akarudi, sawasawa, hatua safi ambayo ningeiweka mbele ya gwaride lolote. Hakukosea hata mara moja. Nikasimama, nikasahau sheria ya kukaa hadi mwisho, na Gwakisa aliponiona nimesimama akaganda na kijiti chake kwapani, akidhani nimekasirika. Machozi yalikuwa yananitoka, na mpaka leo baadhi ya wenzake wanasimulia kwamba Timazi alilia kwa sababu alitukanwa.

Jumatatu Sajini Mdemu akaniambia, "Usimwambie atembee. Neno hilo linamtia hofu. Mwambie akuigize."

Nikamwita Gwakisa pembeni. "Kuanzia leo wewe ni mimi," nikamwambia. "Ukisikia amri, niigize."

"Hapa hapa, afande? Mbele ya Kapteni?"

"Mbele ya Kapteni, mbele ya baba yako, mbele ya yeyote."

"Na uso, afande?"

"Na uso, mshenzi wewe."

Siku ya gwaride alipita katika safu ya tatu, kidevu juu, maziwa yamechacha. Hakuna mguu uliokosea. Kapteni aliinama kwangu akauliza, "Koplo, yule kuruta mrefu ni ndugu yako?" Nikajibu, "Ndiyo, afande." Sikuona sababu ya kumpotezea muda kwa maelezo marefu. Baada ya gwaride akanijia mzee mmoja mwenye koti la zamani, vifungo vimeng'arishwa, mgongo umenyooka, na mkungu wa ndizi begani. Aliuweka miguuni pangu. "Ndaga fijo," akasema, ahsante sana, na akanipigia saluti ya kizamani, kiganja chote nje. Nikaipokea. Nimepewa vyeti baadaye maishani. Sijui viko wapi. Saluti ile ninayo.

Hapakuwa na likizo ya kusherehekea. Vita vya kule Kagera vilikuwa vimeanza, na kundi lile liliondoka karibu moja kwa moja kutoka kwenye gwaride. Hapo ndipo desturi nyingine ya kambi yetu ilipovunjika. Kawaida kuruta anayemaliza humkabidhi kuruta anayeingia bunduki yake ya mbao, mkono kwa mkono, na kumwonyesha udhaifu wake: hapa inachoma, hapa ina fundo. Bunduki hairudishwi stoo. Lakini safari hii walioondoka waliondoka kabla ya wanaoingia kufika. Tukazitundika bunduki zao kwenye misumari ukutani mwa karakana. Kila moja ilikuwa na alama ya mwenyewe, aliyoichoma kwa msumari wa moto. Ya Gwakisa alichora ngamia.

"Hizi hazigawiwi," Sajini Mdemu akaniambia. "Watakuja kukabidhi wenyewe."

Nilimwelewa. Alikuwa hana namna nyingine ya kusema kwamba watarudi.

Mimi niliachwa nifundishe wapya, na niliumia. Niliomba kwenda, nikaambiwa kwata haifundishwi na barua. Basi tukachonga bunduki nyingine kwa mbao kavu, safari hii hakuna aliyetaja jiko, na kila alasiri nikafanya kazi chini ya zile zilizotundikwa. Na nitawaambia kilichonitesa, kwa sababu hiki ndicho kiini cha yote. Niliogopa kwamba nilimfundisha Gwakisa kuwa mimi. Na mimi ni mtu wa kusimama wima. Uwanja wa gwaride unamtaka mtu wa namna hiyo, vitani risasi ndiyo inayomtaka. Nilikaa nikijiuliza, amri ikitolewa kule, atainama kama Gwakisa au atasimama kama Timazi?

Vita vikaisha. Wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wengine wamekonda hadi sikuwatambua. Walikuja karakana, wakatungua bunduki zao wenyewe, wakamkabidhi kuruta mpya mkono kwa mkono. Palikuwa na kelele na kukumbatiana. Kwa wachache waliobaki huko, Sajini Mdemu alitungua bunduki kwa mikono yake, akamwita kuruta, akamwambia jina la mwenyewe na kumtaka alirudie. Kisha ukuta ukabaki na bunduki moja.

Habari za Gwakisa hazikuwepo. Mmoja alisema alimwona akipandishwa kwenye gari la majeruhi. Mwingine akasema si yeye. Baba yake alikuja na koti lake, akasimama karakana akimtazama yule ngamia ukutani.

"Mnayo habari?" akauliza.

"Hatuna, baba."

"Basi msimpe mtu hiyo."

Mtunza stoo mpya alipohesabu vifaa akaitaka, kwa kuwa kuruta mmoja alikuwa anabeba mpini wa jembe. Nikamwambia hiyo mbovu. Akasema anaiona nzima. Nikamwambia aje aitungue basi, nikashika patasi yangu na kuendelea na kazi. Akanitazama, akaitazama patasi, akakumbuka ana shughuli kwingine. Kuruta yule nilimchongea nyingine kwa ubao niliokuwa nimejitunzia mwenyewe wa kutengenezea meza.

Ikapita masika. Asubuhi moja nilikuwa uwanjani na kuruta wapya, ukungu unapanda, nimewapa mgongo nikiwaonyesha mwendo. Nikasikia kicheko safu ya nyuma, kile cha kuzibwa kwa kiganja. Mnakijua, vijana. Kikaenea safu ya kati. Nikajua kuna mtu nyuma yangu ananiigiza, na damu ikanipanda, maana ilikuwa siku ya kawaida, haikuwa Jumamosi ya maigizo. Nikageuka.

Alikuwa amesimama na gongo kwapani, mahali pa kile kijiti. Kidevu juu. Maziwa yamechacha. Alikuwa amenifuata nusu ya uwanja, mguu wa kulia unakanyaga, wa kushoto unaburuzwa nyuma yake kama gogo.

"Samahani, afande," Gwakisa akasema. "Nimejitahidi. Huu mguu mmoja umekataa kabisa kukuigiza."

Nilimshika shingo, nikamshika masikio, nikampiga ngumi ndogo kifuani kuona kama yupo. Alikuwa amelazwa hospitali mbali huko, homa ilimchukua akili, karatasi zake zikapotea. "Risasi ilinikuta nimelala chini, afande," akaniambia kwa sauti ndogo, kana kwamba alijua swali langu la miezi yote. "Nilijua pa kukuigiza na pa kukuacha."

"Ngamia wako yupo," nikamwambia. "Twende ukamkabidhi."

Karakana ilikuwa upande wa pili wa uwanja wa gwaride. Uwanja ule haukatizwi ovyo. Unaukatiza kwa kwata au unazunguka. Gwakisa akaanza kuzunguka pembeni, na gongo lake. Nikamwambia, "La. Katikati."

"Afande, siwezi kwata tena."

"Ya kwangu huwezi. Tutatumia ya kwako."

Nikasimama ubavuni pake. Akatanguliza mguu wa kulia, nami nikatanguliza wa kulia. Akauburuza wa kushoto, nami nikauburuza wa kushoto, buti langu lililong'arishwa likachora mstari kwenye vumbi sambamba na lake. Hatua moja kamili, moja ya kuburuza. Mkono wangu nikauzungusha kama wake unavyozunguka kwenye gongo. Tulikwenda hivyo, polepole, sawasawa, uwanja mzima, mimi Timazi nikimwigiza Gwakisa mbele ya kuruta wote, na hakuna aliyecheka.

Sajini Mdemu alikuwa mlangoni mwa karakana. Mtu yule, kwa miaka yote niliyokaa naye, sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Akavaa kofia yake, akavuta pumzi, na sauti ikatoka ikafika hadi kwenye misindano ya ng'ambo:

"Gwaride… mguu sawa!"

Kuruta wote wakasimama wima.

Basi Baraka, endelea. Ila kidevu kipandishe zaidi, na usigandishe mikono, izungushe kutoka begani. Ujifunze vizuri. Mwendo huo umeshamrudisha mtu nyumbani kwa baba yake, na nguo ya jeshi mwilini.